Nusu Kijiko cha Mrututu

Tulipomaliza mazishi ya baba, kaka zangu waligawana kazi za pale nyumbani bila kuniuliza, mimi nikaangukiwa na stoo. Sikulalamika. Stoo ya baba ni kibanda cha mabati nyuma ya zizi, na alipokuwa hai hakutaka mtu aipange, kwa madai kwamba akipangiwa vitu vyake hatavipata tena. Nilitoa bomba la kupulizia dawa lililokatika mkanda, mapanga matatu yasiyo na mipini, na mfuko wa chokaa uliokwisha kugeuka jiwe. Juu ya boriti nikakuta kopo la maziwa ya unga. Nilipolitikisa, kitu kikagonga ndani kama kokoto. Kifuniko kiligoma kwa kutu, nikakibandua kwa ncha ya panga, na humo ndani ikawamo ile bluu. Kijiko cha chai kilikuwa humo humo, kimeganda katikati ya punje.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia mpaka kifua kikauma. Shemeji yangu aliyekuwa akifagia uani alidhani namlilia baba, akaniletea chai na kunipa pole. Nikaipokea ile pole, nikanywa na chai. Haikuwa mara ya kwanza kupokea wema wa mtu nisioustahili kwa sababu ya kopo lile.

Mliokulia huku mlimani hamna haja ya kuelezwa mrututu, lakini siku hizi watu wananunua dawa za kwenye pakiti, kwa hiyo nieleze kidogo. Ni punje za bluu kali ambazo wazee waliziyeyusha kwenye maji, wakachanganya na chokaa, wakapulizia kahawa isiingiwe na ugonjwa. Msimu wa kupulizia ulipofika, kila kitu kihambani kwetu, yaani kwenye lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilikuwa na madoa ya bluu: majani, mawe, shati la baba, hata mkia wa mbwa. Baba hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa na kipimo chake. Akishachanganya, alichovya kisu kikavu kilichosuguliwa. Kikitoka na wekundu alisema dawa bado kali, itaunguza majani, akaongeza chokaa. Kikitoka kama kilivyoingia, alibeba bomba mgongoni na kuanza kazi. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba ile ilikuwa kemia. Kemia niliijua kuwa ni kitu cha shuleni, chenye Kiingereza chake na mwalimu wake.

Shule yetu ilikuwa mwendo wa nusu saa kupanda kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa wa kutwa. Zuhura alikuwa wa bweni, mtoto wa mjini Moshi, binti wa fundi cherehani wa kule Mawenzi, na tulipoingia kidato cha tatu tulipangwa meza moja ya maabara. Alivaa masweta mawili, moja juu ya jingine, akawa anasema sisi Wachaga tumezoea kuishi ndani ya friji. Nami nikawa namcheka kwa sababu hakujua kutofautisha ndizi ya kupika na ya kuivisha. Nilimletea maparachichi kutoka nyumbani, yeye akanifundisha hesabu za kemia, maana mimi nilikuwa nazikariri na yeye alikuwa anazielewa. Alitaka kuwa mfamasia. Alilisema neno hilo polepole, kama mtu anayeonja chai ya moto.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa kijana aliyefika muhula ule ule, kwao Shinyanga, kusiko na mti hata mmoja wa kahawa. Alimpa Zuhura ufunguo wa maabara kwa sababu ndiye pekee aliyeosha vyombo bila kuambiwa. Zuhura aliufunga ufunguo huo kwenye utepe uliobaki kwenye ushonaji wa baba yake, akauning'iniza shingoni, ndani ya mtandio. Hakuwa na majivuno nao, ila mara kwa mara aliugusa kuhakikisha upo.

Basi wiki moja mwalimu akatupa jaribio la kutengeneza punje za bluu. Unachukua gramu mbili za unga mweusi wa shaba, unautia kwenye tindikali ya vuguvugu, unakoroga mpaka maji yanakuwa bluu, unachuja, unapunguza maji juu ya taa ya spiriti, halafu unaacha kibakuli dirishani siku kadhaa. Punje zinaota zenyewe pembeni, kama chumvi kwenye ukingo wa sufuria. Kisha unapima. Mwalimu alisema hesabu inaonyesha kwamba unga ule ukibadilika wote bila kupotea hata chembe, utapata gramu sita nukta tatu. Ulichopata wewe ugawanye kwa hicho, uzidishe kwa mia, na hiyo ndiyo asilimia utakayoandika kwenye ripoti.

"Andikeni mlichokiona," alisema, "siyo mlichokitamani."

Sisi tukaandika hata maneno hayo kwenye daftari, kama tulivyoandika kila kitu alichosema.

Jumatano tulipima mara ya kwanza, punje zikiwa bado na unyevu. Gramu nne nukta tatu. Zuhura akapiga hesabu kwa penseli: asilimia sitini na nane. Akafurahi, akasema ni nzuri, tuziache zikauke tupime tena Ijumaa kama mwalimu alivyoagiza. Mimi nikanyong'onyea. Kwangu asilimia ilikuwa ni maksi. Tangu darasa la kwanza sikuwa nimeona alama ile ya asilimia mahali pengine popote isipokuwa kwenye maksi, na nilichoamini ni kwamba mwalimu ataichukua ile sitini na nane na kuiandika kama ilivyo kwenye kitabu chake. Sitini na nane ilikuwa B. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na baba alikuwa ameahidi kuja. Kiingereza cha kwenye ripoti za shule hakukijua, lakini namba alizijua vizuri sana. Alikuwa anapitisha kidole kwenye safu ya maksi, taratibu, na kidole kikifika kwenye namba kubwa kinasimama kidogo. Nilikitaka kile kidole kisimame kwenye kemia.

Wazo lilinijia Alhamisi jioni nikichota maji ya ng'ombe. Kopo la baba lilikuwa mlangoni mwa stoo, na bluu iliyokuwa ndani yake haikuwa na tofauti hata kidogo na ile ya kwenye kibakuli chetu. Nashangaa mpaka leo: nusu ya darasa letu walikuwa na mrututu nyumbani, na hakuna aliyewahi kuuhusisha na kile kitu cha maabara chenye jina refu. Mimi niliuhusisha, na badala ya kwenda kumweleza mwalimu kama ugunduzi, nilichota nusu kijiko, nikakifunga kwenye karatasi ya daftari. Sikuwa na mizani. Nilikadiria kwa macho.

Ijumaa wakati wa mapumziko Zuhura alifungua maabara tukaangalie punje zetu. Tulikuwa ndio kwanza tumeingia, matroni akamwita kutoka ukumbini kuhusu shuka lililopotea bwenini. Akavua utepe shingoni, akaniwekea mkononi.

"Nishikie, nakuja sasa hivi," alisema. "Ila usimwambie mtu, Manka. Mwalimu akijua nimempa mtu ufunguo atanimaliza."

Nilimimina. Nilichanganya kwa njiti ya kiberiti mpaka punje za nyumbani na za shuleni zikawa kitu kimoja. Zuhura aliporudi nilikuwa dirishani natazama nje, nikamrudishia ufunguo wake, ukiwa bado na joto la kiganja changu.

Mchana wake tulipima mbele ya darasa zima. Gramu saba kamili. Zuhura akazitoa punje, akasawazisha mizani, akapima tena. Saba. Akapima mara ya tatu. Hesabu ikaja asilimia mia moja na kumi na moja.

"Andika tu mia," nilimnong'oneza.

"Niandikeje mia? Maji yamekauka, Manka. Kitu kikikauka kinapungua. Hiki kimeongezekaje?"

"Sasa si afadhali kimeongezeka?"

Alinitazama kama vile nimesema jua linachomoza magharibi. Halafu akainama kwenye ripoti yetu na kuandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka: kipimo cha Jumatano, kipimo cha Ijumaa, na chini kabisa, kwamba uzito umeongezeka kwa sababu ambayo hatuijui. Mimi nilisaini jina langu chini ya lake.

Jumatatu mwalimu alirudisha ripoti. Iliyoongoza, alisema, ni ya wavulana wawili wa meza ya nyuma, waliopata asilimia hamsini na tisa. Darasa likacheka, hata wenyewe wakacheka. Yeye hakucheka. Akatusomea walichoandika: kiasi fulani kimebaki kwenye karatasi ya kuchujia, kiasi kimeng'ang'ania kwenye kibakuli, kiasi kimekwenda na maji tuliyoyamwaga. "Hawa wamesema iliyobaki imekwenda wapi," alisema. "Hiyo ndiyo ripoti. Sitoi maksi kwa wingi wa punje." Baba yangu kila mwisho wa msimu alikuwa anafanya hivyo hivyo mbele yetu bila aibu yoyote: gunia hili limeliwa na mvua, hili na ugonjwa, hili na ndege. Nilikuwa na mwalimu nyumbani na sikumwona.

Kisha tukaitwa, mimi na Zuhura, kwa mkuu wa shule, mama mmoja mkimya mwenye miwani. Mwalimu wa kemia alikuwa amesimama pembeni na ripoti yetu mkononi. Alieleza kwamba vitu haviongezeki vyenyewe, kwamba kuna aliyeongeza punje, na kwamba punje za namna hiyo hapo shuleni zipo kwenye chupa moja tu, kwenye kabati lililo ndani ya maabara iliyofungwa. Hakumkaripia mtu. Nadhani hata yeye hakuipenda kazi hiyo.

"Zuhura," mkuu wa shule alisema, "ufunguo uliwahi kumpa mtu mwingine?"

Zuhura alinitazama. Najua sasa alikuwa anafikiri nini. Alidhani ananikinga nisiadhibiwe kwa kuushika tu, maana haikumpitia akilini hata kidogo kwamba mimi, rafiki yake, ningeweza kuongeza kitu kwenye kibakuli chetu.

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa nao mimi."

Miwani ikanigeukia. "Wewe Manka, ni kweli?"

Nilikuwa na muda. Nimeupima muda ule maisha yangu yote, na kila nikiupima naona ulitosha.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Ufunguo alikuwa nao yeye."

Alisimamishwa wiki mbili na akanyang'anywa maabara. Kesho yake baba yake akapanda kutoka mjini, mzee mwembamba mwenye kofia, futi ya kupimia kitambaa bado iko shingoni kwa haraka aliyotoka nayo dukani. Nilikuwa ninapiga deki kwenye varanda ya ofisi, dirisha likiwa wazi, nikasikia akimuuliza mwanawe, "Zuhura, umechukua?"

"Sijachukua, baba."

"Basi ilitoka wapi?"

Nilisubiri ajibu, nikiwa na tambara mkononi, mimi peke yangu katika shule nzima nikiwa na jibu. Mwishowe akasema hajui. Nikamsikia yule mzee akimwomba radhi mkuu wa shule, kwa sauti ya chini, mara mbili. Alipotoka alibeba sanduku la bati la binti yake begani na kusema kwamba hatamrudisha tena, hawezi kumwacha mtoto wake aitwe mwizi mahali ambapo yeye hamjui mtu. Zuhura alinikuta pale kwenye varanda, akavua sweta lake la pili, akanipa. Mjini kuna joto, alisema, hatalihitaji. Nililichukua.

Jioni ile nilimwambia baba, kwa namna ya kumsimulia habari za shule tu, kwamba rafiki yangu wa mjini amefukuzwa kwa kuiba. Alikuwa anakamua. Akauliza ameiba nini.

"Ile bluu, baba. Mrututu."

Akaacha kukamua. "Mrututu? Mtoto wa watu anafukuzwa kwa mrututu? Si angeniomba mimi. Ningempa kopo zima."

Ningeweza kusema pale pale. Baba angefunga kamba za viatu vyake na kupanda nami shuleni asubuhi, na kopo kwapani, ninamjua. Nilisema tu kwamba ng'ombe amepiga teke ndoo, ingawa hakuwa amepiga teke chochote, nikaenda jikoni. Siku ya wazazi alikuja na koti lake la kanisani. Kidole chake kilipofika kwenye kemia kikasimama, kwa sababu mtihani wa mwisho nilikuwa nimefanya vizuri, na akanipigapiga begani. Nilitamani anichape.

Zuhura alimalizia kidato cha nne kwenye shule ya mjini isiyokuwa na maabara. Haya niliyapata kwa watu. Nilijua alipo, miaka yote nilijua. Nilipoanza kazi mjini, na baadaye nilipoolewa na kuhamia huko huko, niliwaambia madereva wa bajaji wapitie barabara nyingine, nikisingizia mashimo. Baba alikufa bila kujua kwamba kopo lake lilimfukuzisha mtoto wa mtu shule. Nikiwa nimekaa juu ya ile ndoo ndipo nilipoelewa kwamba nimeshamchelewa mmoja, na kwamba nikiendelea kukaa nitawachelewa wote.

Jumatano iliyofuata nilienda kwa Zuhura. Duka ni lile lile la baba yake, na yeye amekuwa baba yake hasa, na futi shingoni. Anashona sare za shule. Ukutani yalining'inia makoti meupe ya maabara, kama ishirini hivi, ya wanafunzi wa shule fulani. Alinitambua kabla sijasema neno.

"Manka. Pole na msiba. Nilisikia mzee ametangulia."

Niliweka kopo juu ya meza yake ya kukatia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza akafungua kifuniko, akakitikisa kile kijiko mpaka kikatoka, akakiangalia pande zote.

"Nusu ya hiki?"

"Nusu."

Akachukua chaki, akaandika ukingoni mwa kitambaa cheusi alichokuwa anakikata. Saba, kutoa nne nukta tatu. "Mbili nukta saba," alisema. "Na unyevu uliokauka, kidogo hapo. Ndiyo. Inaingia kabisa." Akakaa kwenye stuli. "Unajua miaka yote hii nimekuwa nikiilaumu mizani? Nilisema ile mizani ilikuwa mbovu."

"Mizani haikuwa mbovu."

"Na ile sitini na nane ilikuwa yetu."

"Ilikuwa yetu, Zuhura. Nisamehe."

Alifuta chaki kwa kiganja, akaanza kukunja kitambaa, akakikunjua tena.

"Mimi nilijua sikuiba," alisema. "Baba ndiye hakujua. Alinifundisha kazi yote hii, kupima, kukata, kushona, hakunificha kitu. Ila ufunguo wa duka hakuniachia hata siku moja. Alikuwa anampa mdogo wangu, wakati mimi ndiye ninayefungua asubuhi. Mpaka siku anakufa, mdogo wangu ndiye aliyekuwa nao."

Kuna mtu aliingia kuulizia sare ya mtoto wake, Zuhura akamwambia aje Ijumaa.

"Mama yupo," alisema mteja alipotoka. "Yuko ndani anachambua mchele. Hatujawahi kuliongea, mimi na yeye. Anadhani akilitaja nitaumia." Akanyanyua pazia la mlango wa nyuma. "Ingia umwambie. Na kopo lako uchukue."

Nilivua viatu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, miguu ameinyoosha. Nikapiga magoti mbele yake na kuweka kopo sakafuni, kati yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni nani, mbona macho yamenipotea?"

Nyuma yangu Zuhura alikuwa bado amelishikilia pazia.

"Mimi ndiye niliyekaa meza moja na Zuhura shuleni," nikasema. "Ufunguo nilikuwa nao mimi."